Elfu Sita za Mzee Makokha

Butali, Kakamega
Jumapili, mvua imepumzika kidogo

Dada yangu Mwanasha,

Kabla hujafika mstari wa pili, koroga chai yako uionje. Tamu? Basi nishukuru mimi. Kenya hii yote, kuanzia Lungalunga mpaka huko kwa wenye ngamia, hakuna mtu anayetia sukari kikombeni ambayo haijapita mkononi mwangu. Kiwanda cha hapa kikitaka kuwasha mitambo, kwanza wanauliza, "Mombasa ameamka?" Mombasa ndiye mimi. Nikiwa nimelala, wanangoja. Wahandisi na vyeti vyao wananiamkia. Juzi meneja mwenyewe alinipungia mkono kutoka dirishani. Wanjala anasema alikuwa anafukuza nzi, lakini Wanjala ana wivu, utamjua huko mbele.

Haya, sasa salamu. Mimi mzima, meno yangu yote yapo, na nimeongezeka kilo ambazo nguo zangu hazikuzitarajia. Nyinyi je? Magoti ya Mama yanampeleka msalani bila kelele? Bibi bado anawatukana mbuzi kwa majina ya mawifi zake? Na wewe mgongo wako, bado unauinamishia vitambaa vya watu, au siku hizi unaunyoosha ukijiona tajiri?

Najua unajiuliza barua ya nini, na simu ninayo. Kosa ni lako. Wewe ukipigiwa simu unaweka sauti juu, mpaka yule mama wa viazi karai wa ng'ambo ya barabara anajibu salamu kabla yako. Habari hii ni yako peke yako. Funga mlango, keti juu ya kiti cha cherehani, isome yote, kisha chagua cha kumsomea Mama. Hapo pa chai na sukari msomee mara mbili.

Unakumbuka nilivyoondoka. Lori la sukari lilikuja kushusha magunia pale duka la jumla, mpakuzi wao akateguka mguu, nikapanda kusaidia, nikasahau kushuka. Nilisahau mpaka Kakamega. Na nilipofungua macho, dada, wallahi nilidhani nimekufa na dhambi zangu zimekosewa hesabu, nikaingizwa peponi. Kijani! Miwa imefunika nchi kama maji. Ukisimama juu ya trela unaiona ikipanda vilima na kushuka, hakuna mahali jicho linakanyaga udongo, na katikati yake lile bomba la kiwanda linatoa moshi mweupe polepole kama mtu anayewaza jambo. Hewa yenyewe ina utamu. Na mvua ya hapa haibembelezwi na dua kama ya kwetu. Saa tisa alasiri ikifika, inakuja, na wakati mwingine inakuja na mawe ya barafu makubwa kama kokwa za embe. Siku ya kwanza yalipoanza kugonga bati nilitambaa chini ya trekta nikatoa shahada kwa sauti. Wanjala alicheka mpaka akaketi kwenye tope.

Wanjala ndiye dereva wa trekta, mtu wa hapa hapa, mfupi, mdomo mrefu. Mimi ni taniboi wake. Sisi hupakia miwa kutoka shambani mpaka trela inaguna, mimi nafunga mnyororo, napanda juu, nawafukuza watoto wanaochomoa miwa njiani, kisha tunapanga foleni kwenye mizani ya kiwanda hata siku nzima. Sasa umeelewa nilivyosema sukari yote inapita mkononi mwangu. Sikudanganya. Nilifupisha tu.

Trekta lilikuwa la Mzee Makokha. Moja tu, jekundu, bati la mbele limeshonwa kwa waya. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, koti moja la kila siku, miwani imefungwa na uzi wa gunia. Kila asubuhi kabla hatujaondoka aliweka kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto homa. Alinipa chumba kando ya banda la trekta, na mkewe, Mama Nekesa, alinipa chakula. Ugali wa hapa wanauita obusuma, na kipande chake kimoja kinaweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Nilipobakisha siku ya kwanza, Mama Nekesa alimuuliza mumewe mbele yangu, "Huyu mtoto ni mgonjwa ama kwao walikuwa wanamulisha majani?"

Mshahara wangu ni elfu sita kila wiki mbili. Mzee hakupenda kutuma kwa simu. Alisema pesa ya simu haina uso. Jioni ya Ijumaa alikaa kwenye kibaraza, Mama Nekesa akamletea kopo la zamani la kakao, mzee akalamba kidole gumba, akahesabu noti za elfu moja moja juu ya goti. Kisha akanipa, akasema, "Hesabu mbele yangu." Nami nikahesabu kwa sauti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ile ninayotaka kukueleza.

Sasa, kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nafua suruali. Nikasikia naitwa.

"Mombasa! Kuja uchukue jasho yako!"

Nikaenda na povu mikononi. Mzee yuko kibarazani, kopo liko gotini. Mama Nekesa yuko jikoni, nausikia mwiko wake ukigonga sufuria.

"Mzee..." nikasema.

"Kuja, kuja. Mtu ya kazi hakosangi pesa ya Jumapili."

Akalamba kidole. Moja, mbili, mpaka sita. Akanipa. "Hesabu mbele yangu."

Nikahesabu, dada. Kwa sauti, taratibu, nikimtazama, kila noti nikaipa nafasi yake ili akumbuke. Hakukumbuka. Alitikisa kichwa akasema vizuri, akafunika kopo. Na huu mdomo wangu, ambao mwalimu mkuu alishindwa kuufunga mpaka akanifungulia lango la shule nitoke, ulifungwa na noti sita.

Hizo ndizo elfu sita nilizokutumia.

Usiruke. Ndizo. Nilikuambia kwenye simu ni bakshishi, kwamba mzee hajapata kuona kijana mwenye bidii kama mimi toka azaliwe. Ukapiga kigelegele, nikasikia hata kuku wakikimbia. Ukasema basi kesho asubuhi unakwenda kulipa ile cherehani ya kukanyaga kabla haijachukuliwa na mtu mwingine, uache kuomba ya jirani. Nilikata simu nikitembea kama bwana harusi.

Jumapili pesa ile ikaanza kuniwasha. Tulikuwa tumekaa na Wanjala juu ya trela tupu tunakula miwa, nikajifanya nauliza jambo la mtu mwingine.

"Wanjala, mtu akilipwa mshahara kuzidi, anafanyaje?"

"Huyo mtu ni wewe?"

"Ni rafiki yangu wa Mazeras."

"Huyo rafiki yako wa Mazeras anaitwa Mombasa?" Akatema makapi. "Sikia. Kama ni kampuni kubwa, aende kwa karani leo leo, juu kesho watamukata bila kumuuliza, na jina yake itakaa kwa kitabu kama mwizi. Kama ni serikali, aandike barua na abaki na nakala. Lakini kama ni mzee amemuhesabia na mkono yake, hiyo haina barua. Anarudi kwa mlango, anasema, mzee, umekosea hesabu. Imekwisha. Ni maneno tatu hiyo."

"Na kama pesa ameshaitumia?"

"Si bado ana mdomo? Aseme. Mzee atamukata pole pole. Pesa inatumikanga, lakini kusema hakutumikangi."

Hakuniuliza ni kiasi gani. Nami sikumwambia. Nikaamua Jumatatu asubuhi, mzee akija kupima homa ya trekta, nitasema yale maneno matatu.

Jumatatu asubuhi mzee hakuja kwenye trekta. Tulimngoja, Wanjala ameshawasha injini, kiganja hakiji. Kisha tukasikia Mama Nekesa akipiga ukemi mmoja, halafu wa pili, na kabla ya wa tatu, dada, majirani walikuwa wameshajaa uani, wengine na sabuni kichwani. Mzee alikuwa amekaa kitandani amevaa kiatu kimoja. Moyo wake ulikuwa umesimama hapo hapo.

Nilimwona Mama Nekesa akifungua lile kopo la kakao ili akodi gari la kumpeleka mochari. Lilikuwa na sarafu. Alilitazama ndani, akalitikisa, akalifunika. Majirani wakachanga. Mimi nilisimama mlangoni na mikono miwili mitupu kama ndugu wa marehemu, na ndani ya kichwa changu naona cherehani.

Nilitaka kusema siku ile ile. Wanjala akanishika shati. "Wewe! Mfiwa haambiwangi mambo ya pesa na maiti haijazikwa. Ngoja siku ya kunyoa. Watauliza wenyewe."

"Watauliza nini?"

"Utaona."

Dada, sijui nikueleze vipi matanga ya huku. Sisi kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na halua tunakula kesho. Hapa walikuja watu siku sita mfululizo! Mahema, majiko ya mawe matatu yamepangwa mstari mmoja, kwaya, na ngoma zao zile za isukuti ambazo hazipigwi masikioni, zinapigwa ndani ya kifua chako. Watu walikuja wakikimbia na matawi ya miti mikononi. Ng'ombe alichinjwa, na kuku nikaletewa mimi, pamoja na kisu. "Mombasa, wewe ni Mwislamu, tuchinjie, ndio kila mtu akule." Nikachinja kuku kumi na saba, kila mmoja kwa bismillahi, na kila nikisema bismillahi nakumbuka nimekaa juu ya pesa ya mtu.

Siku ya kumleta nyumbani, Wanjala aliliosha trekta, nikalifunga matawi. Tukaingia barabarani nyuma ya gari la maiti, trela tupu, mwendo wa kobe. Matrekta yaliyokuwa foleni kwenye mizani yakazima injini moja baada ya jingine. Madereva wakashuka, wakavua kofia. Wewe unanijua, mimi hata kwenye hotuba ya chifu nilikuwa nafanya mzaha. Pale sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilishika mnyororo wa trela kama mtoto aliyeshika leso ya mamake.

Akazikwa Jumamosi. Baada ya siku tatu ndiyo ikawa siku ya kunyoa.

Asubuhi wanafamilia walikaa kwenye mikeka, bibi mmoja na wembe na beseni la maji anapita kichwa kwa kichwa. Mimi nilisimama pembeni, nywele zangu unazijua, zile nilizozichonga pembeni mpaka wasichana wa Amalemba, huko Kakamega mjini, wakauliza kinyozi wangu ni nani. Yule bibi alipofika mwisho wa wajukuu akaniita kwa wembe.

"Na huyu?"

"Huyo ni wa Mombasa," mtu akajibu.

"Sijauliza wa wapi. Analala wapi?"

"Hapa."

"Kaa chini."

Nikakaa. Sasa kichwa changu kinang'aa kama yai. Nikakaa na wajukuu wa Makokha, upepo wa asubuhi ukanipita juu ya utosi, na nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

Halafu tukaingia hemani. Mzee mmoja wa ukoo, koti la suti na magambuti, akasimama na fimbo. Mjukuu mkubwa akafungua daftari. Mzee akasema, "Mwenye kumudai Makokha, asimame. Na mwenye kudaiwa na Makokha, asimame pia. Leo ndio leo. Baada ya leo sitaki kuota mtu akidai."

Unajua kwetu imamu huuliza kabla ya sala ya maiti, nani anamdai marehemu, na jamaa hujibu watalipa. Lakini wale wanaodaiwa naye tunamwachia Mungu. Hapa wanauliza pande zote mbili, mbele ya umati, na kalamu iko wazi.

Nilidhani watanyamaza. Nani atasimama kujitaja mdaiwa, na aliyemkopesha hana ulimi tena? Dada, walisimama! Mama mmoja akasema mzee alimlimia nusu eka misimu miwili, akalipa mmoja. Ikaandikwa. Mtu mmoja akaleta toroli lenyewe, akalisukuma katikati ya hema, akasema, "Hii ni yake, nimekaa nayo tangu mtoto wangu akiwa darasa ya kwanza. Sasa ako na mtoto." Mwingine akasimama akadai mzee alikopa kwake elfu themanini. Mzee wa ukoo akamuuliza shahidi ni nani. Akasema shahidi alikufa. Akaulizwa alikufa kabla ya kukopa ama baadaye? Hema likalipuka kwa kicheko, jamaa akakaa chini akijipepea na kofia.

Kisha akainuka babu mmoja, mkongwe mpaka akasaidiwa kusimama.

"Mimi na Makokha tulikuwa vijana. Alichukua kwangu ndama ya kike akamalizie mahari. Akasema atarudisha. Ile ndama imekufa. Watoto ya ile ndama wamekufa. Mimi mwenyewe niko njiani." Watu wakacheka. "Lakini deni iko mzima."

Na mahari yenyewe ilikuwa ya nani? Ya Mama Nekesa! Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, macho yamevimba, akajifunika mdomo kwa kiganja. "Kumbe hii miaka yote mimi sijalipiwa?" Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akalia, na wanawake wote wakacheka na kulia pamoja naye. Mtoto wa kwanza wa mzee akasimama akamwambia yule babu, "Tumesikia, baba. Ndama italetwa."

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Mtu amekufa, na maisha yake yote yanarudi uani kwa miguu, ndama, toroli, nusu eka, kila kitu kinatafuta mahali pake. Nilihisi mzee yuko pale pale, amekaa nyuma yetu, analamba kidole gumba.

Aliyenimaliza ni kijana wa bodaboda, rika langu. "Nilimubeba mzee mpaka Malava. Nauli ilikuwa mia moja. Akanipea mia mbili, sikuwa na chenji. Nikasema nitaleta. Sikuleta." Akatembea mpaka mezani, akaweka noti ya mia moja, akarudi kukaa. Mia moja, Mwanasha! Pesa ya maandazi. Na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mtu aliye ndani ya udongo.

"Kuna mwingine?" Mzee wa ukoo akageuka huku na huku.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nikawaza, nikisema, dada atauza cherehani. Nisiposema, nimekula cha mjane nikiwa nimenyolewa pamoja na wajukuu wake.

"Nauliza mara ya mwisho."

Wanjala alikuwa nyuma yangu. Alinifinya ubavu kwa kucha kama anavyobana boliti.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi naitwa Bakari, mnaniita Mombasa. Ijumaa ile mzee alinilipa mshahara wangu. Jumamosi akasahau, akaniita, akanipa pesa tena. Nilihesabu mbele yake na nikanyamaza. Mimi nadaiwa."

Mjukuu akainua kalamu kutoka kwenye daftari.

"Shilingi ngapi?" akauliza mzee wa ukoo.

Nikataja. Mjukuu mwenye daftari akamgeukia Mama Nekesa. Mama Nekesa alinitazama, si kidogo, alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akasema, "Andika hiyo amesema."

Ikaandikwa. Mzee wa ukoo akainua fimbo yake juu. "Mumeona? Mtoto wa watu, kutoka bahari mpaka hapa, hana shahidi, hana mtu amemufuata. Amesimama!" Dada, hema lilipiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaanza "Mombasa! Mombasa!" na yule babu wa ndama akaninyooshea mkono niushike. Wewe unajua maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta watu wa kunipigia makofi. Nimewapata. Nilisimama nikiwa nimetazama chini, wakadhani ni adabu.

Jioni chakula kikapakuliwa. Mama Nekesa akaja na sufuria ya kuku mwenyewe, ingawa wafiwa hawapakui. Akachuchumaa mbele yangu.

"Jumamosi ile," akasema, sauti ya chini, "alikuwa anavua viatu. Akakumbuka. Akasema, 'Aa! Nimelipa Mombasa mara mbili.' Nikasema wacha niende nimuite. Akakataa. Akasema, 'Wacha. Atarudi mwenyewe.' Tukabishana. Mimi nilisema hutarudi."

Akachota ndani ya sufuria, akaniwekea firigisi juu ya obusuma wangu. Wewe usione firigisi ni kitu kidogo. Nyumba za huku, firigisi ya kuku ni ya mwenye mji. Mgeni hapewi, mtoto hapewi, hata mwanamume jirani haigusi. Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Kula," akasema. "Ni yake, lakini hayuko."

Akainuka akaenda zake.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Trekta linaendelea, Mama Nekesa ndiye mwenye kopo, na Wanjala ndiye anayepima homa asubuhi, ingawa anakataa akiulizwa. Mimi nakatwa kidogo kidogo kila malipo, kwa hiyo usitegemee kitu kikubwa kutoka kwangu kwa sasa. Cherehani usiiuze. Narudia, usiiuze. Ila nguo ya kwanza utakayoshona kwa mguu wako mwenyewe iwe dera la Mama Nekesa, la rangi ya samawati, refu lifike chini. Vipimo sina, lakini mkumbuke Shangazi Mwanamkuu, muongeze upana wa kiganja kila upande. Nitakurudishia bei ya kitambaa. Mpe dereva wa lori la sukari likija tena, ndiye atakayekuwa amekupa barua hii.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na navaa soksi. Nisalimie Bibi bingwa wa mbuzi, umwambie nimenyolewa upara, atafurahi, alikuwa ananitishia siku nyingi. Mjomba Hamisi fundi baiskeli mwambie nimejifunza kufunga mnyororo mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona. Shangazi Mwanamkuu wa mikate ya mofa, msalimie lakini usimtajie ile habari ya vipimo. Na mpwa wangu Rama, mwanao, asiache shule. Mwambie mjomba wake amesema, na mjomba wake anajua anachosema kwa sababu yeye aliiacha.

Ningeweza kutia jina langu hapa tukaishia hivyo. Lakini barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana, kwa kuwa ndani yake, mzee wa ukoo alipouliza shilingi ngapi, mimi nilijibu sita.

Wewe ndiye uliyezipokea, hesabu unaijua. Kwa mwiko ule wa ugali ulinifundisha kugawanya kwa mbili, tukashindwa kwenda zaidi ya hapo. Nilisimama pale nikiwa nimekusudia sita, wallahi, nimeishika mdomoni. Nikaona macho yale yote, nikakumbuka mfuko wangu mtupu, na mdomo ukagawanya wenyewe.

Nilisema tatu, dada. Na Mama Nekesa alikuwa anajua ni sita kabla sijasimama, na firigisi akanipa, na mimi nikaila.

Mdogo wako,
Bakari